Hayupo

Karani wa Huduma, pale Posta, alinitazama mara mbili.
"Jina la ukoo?"
Hayupo.
"Nani hayupo? Nimekuuliza jina."
Foleni nzima ikacheka. Kicheko hicho nakijua
tangu darasa la kwanza, mwalimu akiita orodha,
"Sauda Hayupo,"
na watoto kuitika kwa pamoja: "Yupo, mwalimu! Yule pale!"

Shangazi Tufaha husimulia huku akichambua mchele.
Mwaka wa kodi ya vibanda, Pumwani ingali inanuka udongo mbichi,
mtu mwenye kofia na daftari alibisha mlango.
"Baba yako nani?"
Songoro, mtoto wa miaka saba, alijibu kile alichokiona:
"Hayupo."
Wino haukuuliza mara ya pili.

Kipande alichopewa ukubwani kimo ndani ya kopo la Kimbo,
chini ya vifungo na risiti za maji.
Nilikwenda nacho Nyaraka za Taifa,
nikapitisha kidole kwenye majina ya wapagazi wa vita:
Feruzi, Farjala, Mabruki mkubwa, Mabruki mdogo,
amekufa, amekufa, hakurudi.
Nilimtafuta baba wa Songoro siku tatu.
Kwenye safu ya kabila mtu alikuwa ameandika kitu,
akakikata, akaandika tena, akakikata.

Basi nikatema mate.
Maabara moja ya Upper Hill, ghorofa ya nne,
kichupa si kikubwa kuliko cha wanja.
"Hujala kitu nusu saa iliyopita?" aliuliza msichana wa glavu.
"Jaza mpaka mstari wa buluu."
Kinywa kilikauka. Ukoo mzima wa waongeaji
na siku hiyo hatukuweza kujaza kijiko.

Wiki sita, kisha asilimia.
Kipande cha ramani magharibi ya Ziwa Tanganyika, hicho nilikitarajia,
ni cha bibi, na bibi hakuwahi kukificha.
Lakini upande wa pili rangi ilimwagika Vihiga,
na chini yake mstari mmoja:
Anyanzwa, Elkana. Binamu. Kangemi.

Sisi hatuna Anyanzwa.
Nilisoma tena na tena, taa ya jikoni ikiwaka,
hadi nikaelewa nilichofanya:
nilikwenda kumtafuta baba wa Songoro,
nikarudi nimempoteza Songoro.

Nilimwambia shangazi. Mikono haikuacha mchele.
"Hayo mate ungeyameza," alisema.
Mchele. Mchele. Jiwe moja dogo, akalitupa.
"Kitanda hakizai haramu.
Songoro alimbeba baba yako mabegani mwaka wa mafuriko,
akamfundisha cherehani, akamlipia karo kwa kushona kanzu za watu.
Hiyo damu yako ya maabara
ilikuwa wapi?"

Elkana alikuja Jumapili, mkate chini ya kwapa, sukari kilo mbili,
shati limefungwa hadi kifungo cha shingo.
Hatukujua tuamkiane vipi.
Nilimtazama kidole gumba: kinapinda nyuma,
kama cha baba alipokuwa akisukuma kitambaa chini ya sindano.
Sikusema. Alisema babu yake alikuwa fundi wa reli,
aliwahi kupanga huku chumba cha nyuma, nyumba hakuijua,
na alirudi kwao bila kueleza.

Akatoka kunawa mikono bombani.
Maji yalikuwa membamba, ilimbidi angoje,
na katika kungoja akapiga mluzi, wimbo wa kanisani,
taratibu, akivuta noti ya mwisho.

Shangazi aliweka ungo chini.
Sijawahi kumwona akiuweka chini kabla mchele haujaisha.
Aliutazama mlango muda mrefu, uso wa msichana mdogo
anayejua chumba cha nyuma kina mtu.

Hakuniambia neno. Mpaka leo hajaniambia.
Elkana alipoketi, akameza matonge mawili kwa aibu,
shangazi aliisukuma sinia upande wake.
"Sauda, mwongeze wali," alisema,
"asije akasema alifika kwetu
akakuta hakuna mtu."